Kutoka Haki ya Kusajiliwa hadi Haki ya Kulipwa: Uamuzi wa Mgomo wa Wahadhiri katika Vyuo Vikuu vya Umma vya Afrika Mashariki, 1980–2025

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya namna wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma vya Afrika Mashariki walivyofikia uamuzi wa kugoma kwa ajili ya mishahara tangu mwaka 1980 hadi 2025. Mfano mkuu ni Kenya. Uganda na Tanzania zinatumika kama vioo vya ulinganishi. Hoja kuu ni kwamba katika kipindi hicho kiini cha mgomo kimepitia hatua tatu: kwanza wahadhiri waligoma ili chama chao kitambuliwe, kisha ili waketi mezani na mwajiri, na hatimaye ili mkataba uliokwisha kutiwa saini utekelezwe. Sheria za nchi hizi zinaweka taratibu tofauti za kuingia mgomoni, lakini hazitoi dawa ya haraka kwa mkataba usiolipwa. Makala yanaonyesha pia kuwa msamiati wa Kiswahili wa kazi na ujira umehifadhi kumbukumbu ya historia hii, ingawa sheria na mikataba yenyewe kwa sehemu kubwa imeandikwa kwa Kiingereza.

1. Utangulizi

Mgomo wa wahadhiri huingia katika kumbukumbu ya umma kwa picha chache zinazojirudia: lango la chuo lililofungwa, wanafunzi wakiwa na mabegi barabarani, viongozi wa chama wakihutubia waandishi wa habari. Kinachotangulia picha hizo hakionekani sana. Kabla ya lango kufungwa, kuna ukumbi ambamo watu wazima wenye shahada za juu, wengi wao wakiwa na watoto wanaosubiri karo, wameulizwa kama wako tayari kukosa mshahara wa mwezi huu ili wapate ule uliocheleweshwa. Makala haya yanahusu swali hilo na majibu yake katika historia.

Inafaa kuanza na maneno. Neno *mshahara* limetokana na Kiarabu, katika shina lenye maana ya mwezi. Ni ujira unaohesabiwa kwa mwezi. Kwa asili yake, mshahara usiofika mwezi unapokwisha umepoteza nusu ya maana yake. Neno *kura* nalo ni la Kiarabu, na maana yake ya awali ilikuwa kupiga bahati nasibu, yaani kuiachia sadfa iamue. Katika karne ya 20 Kiswahili kiliipa kura maana ya uchaguzi wa hiari wa mtu mwenye haki. *Malimbikizo* limetokana na kulimbika, kitendo cha kuacha kitu kijikusanye au kiive kabla ya kutumiwa. Leo ni istilahi ya kawaida ya fedha ambazo mwajiri alipaswa kuzilipa na hakuzilipa. Maneno haya matatu yanatosha kueleza mzozo ambao umejirudia Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa zaidi ya miongo minne.

2. Urithi wa Kiwanja cha Maskini

Wahadhiri hawakubuni mgomo. Walirithi chombo kilichoundwa na makuli, mafundi wa reli na watumishi wa majumbani. Mwezi Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka chini vifaa vya kazi Mombasa, kuanzia bandarini hadi mahotelini. Kila siku walikusanyika katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na hapo hotuba, taarifa na maamuzi yalitolewa kwa Kiswahili. Kutoka katika mgomo huo lilikua Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, ambalo Chege Kibachia alikuwa kiongozi wake aliyejulikana zaidi. Kabla ya mwaka huo kwisha Kibachia alikamatwa na kupelekwa kizuizini mbali na pwani. Wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka huohuo wa 1947, na Unguja ikawa na mgomo wake mkuu mwaka 1948.

Mambo mawili ya Kiwanja cha Maskini yana uzito kwa historia iliyofuata. La kwanza ni kwamba uamuzi ulifanywa hadharani, kwa sauti na mikono, mbele ya wote watakaobeba gharama yake. Hapakuwa na sanduku la kura, wala sheria iliyolitaka. La pili ni lugha. Wafanyakazi wa makabila na kazi mbalimbali waliweza kuamua pamoja kwa sababu walikuwa na lugha moja ya kuamulia. Wahadhiri walipofika zamu yao walikuwa na elimu kubwa kuliko makuli wa 1947, lakini walilazimika kupigania upya jambo ambalo makuli walilichukua bila kuomba ruhusa, yaani kukutana kama wafanyakazi.

Fasihi ya Kiswahili ilishika uzi huu mapema. Tamthilia ya *Kilio cha Haki* ya Alamin Mazrui, iliyochapishwa mwaka 1981, inawaonyesha wafanyakazi wanaoongozwa na mwanamke aitwaye Lanina katika kumkabili mwajiri wao. Mwaka uliofuata mwandishi mwenyewe, aliyekuwa mhadhiri, aliwekwa kizuizini pamoja na wanataaluma wenzake kadhaa. Diwani yake ya *Chembe cha Moyo*, iliyotoka mwaka 1988, ni zao la kizuizi hicho. Kwa watafiti wa Kiswahili, basi, historia ya mgomo na historia ya chuo kikuu zilikutana katika maisha ya mtu mmoja kabla hazijakutana katika vitabu vya sheria.

3. Kenya 1980–2003: Mgomo wa Kutambuliwa

Mwishoni mwa miaka ya 1970 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa na chama chao cha wafanyakazi. Chama hicho kilijitokeza kudai Ngũgĩ wa Thiong'o arudishiwe kazi yake baada ya kuachiliwa kutoka kizuizini mwezi Desemba 1978. Willy Mutunga, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alikuwa katibu mkuu wake. Mwaka 1980 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikipiga marufuku, sambamba na chama cha watumishi wa serikali. Mwaka 1982 Mutunga naye akawekwa kizuizini.

Marufuku ya 1980 ilikuwa na matokeo yaliyopita siasa za wakati ule. Kwa zaidi ya miaka 20, mhadhiri wa Kenya hakuwa na chombo halali cha kujadili mshahara wake. Aliweza kulalamika kama mtu binafsi, au kupitia jumuiya ya ustawi, lakini hakuweza kufunga mkataba wa pamoja. Katika kipindi hichohicho vyuo viliongezeka na idadi ya wanafunzi ikapanda haraka, huku thamani ya shilingi ikishuka. Mshahara ukawa unaamuliwa na upande mmoja.

Mwishoni mwa Novemba 1993 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma. Dai lao la kwanza lilikuwa kusajiliwa kwa Chama cha Wahadhiri wa Vyuo Vikuu, kinachojulikana kwa kifupi kama UASU. Korwa Adar na Kilemi Mwiria walikuwa miongoni mwa viongozi wake. Mgomo uliendelea kwa miezi mingi ya mwaka 1994. Mishahara ilisimamishwa, baadhi ya viongozi walifukuzwa kazi, na wengine wakatolewa katika nyumba za chuo pamoja na familia zao. Usajili ulikataliwa.

Kipimo cha kawaida kingesema mgomo huo ulishindwa. Lakini ulifanya jambo moja ambalo halikufutika: uliwafanya wahadhiri wa vyuo tofauti wafikie uamuzi mmoja na kuubeba kwa gharama moja. UASU iliposajiliwa mwaka 2003, baada ya serikali ya Mwai Kibaki kuingia madarakani, haikuanzishwa upya kutoka mwanzo. Ilikuwa ni kutambuliwa kwa chama ambacho wanachama wake walikwisha kukipigia kura kwa miguu yao miaka kumi kabla.

4. Kenya 2003–2025: Kutoka Mezani hadi Malimbikizo

Usajili ulifungua mlango wa majadiliano, na Katiba ya 2010 ikaupanua. Ibara ya 41 inamhakikishia kila mfanyakazi haki ya kuunda na kujiunga na chama, na haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 ilikwisha kuweka utaratibu: mzozo uhusu masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama, upitie usuluhishi bila kutatuliwa, na chama kitoe ilani ya maandishi ya siku 7. Kifungu cha 76 chenye masharti hayo hakiweki sharti la kura ya siri. Kwa hiyo nchini Kenya hati ya kisheria ya mgomo ni ilani. Namna wanachama walivyoamua imeachiwa katiba na desturi za chama: vikao vya matawi, mikutano ya wajumbe, na mikono inayoinuliwa.

Kuanzia hapo historia inaweza kusomwa kama mfululizo wa mikataba na migomo iliyoifuata. Mkataba wa 2013–2017 ndio mfano ulio wazi zaidi. Kipindi cha mkataba kilikuwa kimekaribia kumalizika kabla ya mkataba wenyewe kuafikiwa. Tarehe 19 Januari 2017 wahadhiri na wafanyakazi wengine wa vyuo waligoma. Baada ya siku 54, tarehe 13 Machi, pande mbili zilitia saini makubaliano ya shilingi bilioni 10, yenye nyongeza ya asilimia 17.5 katika mshahara wa msingi na asilimia 3.9 katika posho ya nyumba. Siku iliyofuata madaktari wa hospitali za umma nao walimaliza mgomo wao wa siku 100, ambao pia ulitokana na mkataba wa 2013 ambao haukutekelezwa. Nchi ilikuwa imeshuhudia makundi mawili ya wasomi wake yakigoma kwa pamoja, na yote mawili yalikuwa yanashika karatasi.

Makubaliano ya Machi 2017 hayakumaliza jambo. Fedha hazikufika kama zilivyoahidiwa, na wahadhiri walirudi mgomoni kabla ya mwaka huo kwisha. Mwezi Machi 2018 waligoma tena, safari hii kuhusu mkataba wa 2017–2021, na mgomo huo ulidumu zaidi ya miezi miwili. Mwezi Septemba 2024 mgomo mwingine ulianza kuhusu mkataba wa 2021–2025. Ulisitishwa baada ya siku chache kufuatia makubaliano, ukaanza upya mwishoni mwa Oktoba kwa madai kwamba makubaliano hayo hayajatekelezwa, na ukamalizika Novemba.

Mgomo wa 2025 uliweka wazi kiini cha tatizo. Ulianza tarehe 17 Septemba. Moja ya madai yake makuu lilikuwa malimbikizo ya mkataba wa 2017–2021, yaani mkataba ambao muda wake ulikwisha miaka minne kabla. Chama kilidai shilingi bilioni 7.9, Wizara ya Elimu ilitaja deni lisilofikia bilioni moja, shilingi milioni 624. Pande hizo mbili hazikuwa zinabishana kuhusu thamani ya kazi ya mhadhiri. Zilikuwa zinabishana kuhusu hesabu ya deni moja. Mgomo ulimalizika tarehe 5 Novemba, baada ya siku 49, kwa makubaliano ya kulipa deni hilo kwa awamu mbili: ya kwanza mwezi uleule wa Novemba, ya pili Julai 2026.

Katika mfululizo huu kuna jambo ambalo watunga sera wanapaswa kulitazama kwa makini. Mgomo wa 1993 ulihusu haki ya kuzungumza. Mgomo wa Januari 2017 ulihusu matokeo ya mazungumzo. Mgomo wa 2025, kwa sehemu yake kubwa, ulihusu matokeo ambayo tayari yalikuwapo. Kila hatua ya haki iliyopatikana imezaa mgomo mpya katika hatua iliyofuata, kwa sababu kila mara mlango uliofunguliwa uliingia katika ukumbi usio na mlango wa pili.

5. Uganda: Mkutano Mkuu na Amri ya Kufunga

Makerere ina historia ndefu ya madai ya mshahara. Mwaka 1989 wahadhiri wake waligoma wakidai mshahara unaotosha kuishi, miaka mitatu tu baada ya serikali mpya kuingia madarakani katika nchi iliyokuwa imechoshwa na vita na mfumuko wa bei. Tangu hapo jumuiya ya wahadhiri wa Makerere, MUASA, imekuwa uwanja mkuu wa uamuzi. Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 40, inatambua haki ya mfanyakazi kujiunga na chama, kujadiliana kwa pamoja, na kuzuia nguvu kazi yake kwa mujibu wa sheria.

Desturi ya Makerere ni mkutano mkuu. Wahadhiri hukusanyika, hoja huwasilishwa, na azimio hupitishwa papo hapo. Mwezi Agosti 2013 walidai nyongeza ya asilimia 100. Mzozo huo ulizaa suluhu ya nusu njia: posho ya motisha ambayo chuo kingeilipa kutoka katika mapato yake chenyewe. Kwa muda mfupi posho ilituliza hali. Kwa muda mrefu ilihamisha deni kutoka hazina ya taifa hadi hazina ya chuo, ambayo haikuwa na uwezo wa kulibeba. Mwaka 2016 malimbikizo ya posho hiyo yalifikia miezi kadhaa, wahadhiri wakagoma, wanafunzi wakaandamana wakitaka wafundishwe, na tarehe 1 Novemba Rais Yoweri Museveni akaamuru chuo kifungwe. Kilifunguliwa tena Januari 2017.

Tukio hilo linafundisha kuhusu mipaka ya kura. Mkutano mkuu unaweza kuamua kuacha kufundisha, lakini hauwezi kuamua chuo kifungwe kwa nani na kwa muda gani. Amri ya kufunga iliondoa uwanja wenyewe wa mzozo. Waliokuwa wakidai posho na waliokuwa wakidai masomo walijikuta nje ya lango moja. Ni vigumu kusema nani alishinda pale ambapo muhula mzima umeathirika. Kilicho wazi ni kwamba suluhu ya 2013, kwa kuwa haikuwa na chanzo cha fedha kinachoaminika, ilibeba ndani yake mgomo wa 2016.

6. Tanzania: Kura Iliyoandikwa Katika Sheria

Tanzania imefuata njia nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua haki ya kugoma na kuizungushia masharti yaliyoelezwa hatua kwa hatua. Mzozo uwe wa maslahi. Upelekwe kwanza kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usuluhishi ukishindikana ndani ya muda wake, mgomo uitishwe na chama cha wafanyakazi, kura ipigwe kwa mujibu wa katiba ya chama hicho, na wengi wa waliopiga kura wauunge mkono. Baada ya hapo mwajiri apewe notisi ya saa 48. Kati ya nchi tatu zinazojadiliwa hapa, ni Tanzania ambayo sheria yake kuu ya kazi inaitaja kura kama sharti la mgomo halali.

Sharti hili lina matokeo kwa wanataaluma. Jumuiya kama UDASA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina heshima kubwa ya kihistoria. Wanajumuiya za vyuo vya Tanzania ndio waliotoa Azimio la Dar es Salaam la Aprili 1990 kuhusu uhuru wa kitaaluma, ambalo liliunganisha uhuru huo na ujira wa haki unaomwezesha mhadhiri kufanya kazi kwa heshima na bila kutegemea hisani. Lakini jumuiya ya wanataaluma si lazima iwe chama cha wafanyakazi mbele ya sheria. Sauti yenye heshima zaidi chuoni na sauti yenye mamlaka ya kuitisha kura zinaweza kuwa vinywani mwa vyombo viwili tofauti.

Uzoefu wa sekta nyingine unaonyesha uzito wa utaratibu huu. Mwaka 2010 Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi lilipanga mgomo wa nchi nzima likidai kima cha chini cha shilingi 315,000. Mwezi Mei mwaka huo Rais Jakaya Kikwete aliwahutubia wazee wa Dar es Salaam na kueleza kuwa serikali haina uwezo huo, na kwamba alikuwa tayari kuzikosa kura za wafanyakazi katika uchaguzi wa mwaka ule kuliko kuahidi kisichowezekana. Mgomo haukufanyika. Mwaka 2012 walimu wa shule, kupitia Chama cha Walimu Tanzania, walipiga kura na kuanza mgomo tarehe 30 Julai. Siku chache baadaye mahakama iliuzuia. Kura ilikuwa imepigwa, lakini kura peke yake haikutosha kuufanya mgomo uwe halali.

Hotuba ya 2010 ina jambo la kutafakariwa na mtafiti wa lugha. Neno *kura* lilitumika hapo katika maana zake mbili kwa wakati mmoja: kura ya mfanyakazi kazini na kura ya raia kwenye kituo cha uchaguzi. Rais alizitenganisha kwa makusudi. Wafanyakazi walikuwa wamezoea kuziona kama sarafu moja, na siku hiyo walielezwa kuwa hazibadilishani.

7. Kura Inalinda Nini?

Watetezi wa kura ya siri hutaja mifano ya nje, hasa Uingereza, ambako sheria za kazi za miaka ya 1980 zilianza kuifanya kura kuwa sharti. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ya 2016 iliongeza kwamba angalau nusu ya wenye haki ya kupiga kura washiriki, na kwamba idhini inayopatikana iwe na muda wa kwisha. Chama cha wahadhiri wa huko, UCU, kilivuka kizingiti hicho mwezi Oktoba 2022: asilimia 81.1 ya waliopiga kura kuhusu mishahara na masharti ya kazi waliunga mkono mgomo, na waliojitokeza walikuwa asilimia 57.8. Mwaka uliofuata waliojitokeza hawakufikia nusu, na mgomo haukuweza kuendelea kisheria, hata kama wengi wa waliopiga kura waliuunga mkono. Asiyepiga kura akawa na nguvu kuliko aliyepiga kura ya hapana.

Mfano huo unaonyesha faida na hasara. Kura ya siri inamlinda mhadhiri kijana wa mkataba, ambaye mkono wake ukionekana umeinuliwa, au haukuinuliwa, mkuu wa idara atamkumbuka. Inakipa chama takwimu ambayo mwajiri hawezi kuibeza. Wakati huohuo kila sharti linaloongezwa ni mahali pengine ambapo wakili wa mwajiri anaweza kupata kasoro. Mkutano wa hadhara, kwa upande wake, una nguvu ya ushuhuda: aliyeinua mkono mbele ya wenzake si rahisi kurudi darasani kwa siri. Gharama yake ni kwamba hauwezi kutenganisha ridhaa na woga.

Hata hivyo, mjadala wa sanduku dhidi ya mikono unaficha pengo kubwa zaidi. Sheria ya Tanzania inaruhusu mgomo katika mzozo wa maslahi pekee, yaani pale ambapo wafanyakazi wanadai kitu ambacho hawajakipata. Mkataba uliofungwa na kukiukwa huhesabiwa kuwa lalamiko, na lalamiko hupelekwa kwenye uamuzi wa chombo cha sheria. Sheria ya Kenya nayo inazuia mgomo kuhusu jambo ambalo tayari limewekewa masharti na mkataba wa pamoja. Kimantiki, kanuni hizi zina busara: mtu akiwa na hati ya deni, aende mahakamani. Lakini zikiwekwa kando ya historia iliyosimuliwa hapo juu zinatoa matokeo ya ajabu. Wahadhiri wana uhuru mkubwa wa kugoma wanapoomba wasichokuwa nacho kuliko wanapodai walichokwisha kupewa. Ushindi mezani unapunguza nguvu yao nje ya meza. Mwajiri anayetia saini bila nia ya kulipa anajipatia kinga ambayo mwajiri mkweli, aliyekataa kutia saini, hana.

Njia ya mahakama haina budi kuwa na kasi ili busara hiyo iwe kweli. Malimbikizo ya mkataba wa 2017–2021 yanaonyesha kuwa haina kasi hiyo. Nyongeza inayolipwa miaka minne baada ya muda wake, kwa awamu na bila fidia ya kupanda kwa bei, si nyongeza ileile iliyotiwa saini. Aliyestaafu katikati ya muda huo alistaafu kwa hesabu ndogo. Aliyefariki aliwaachia warithi wake nafasi kwenye orodha.

8. Lugha ya Uamuzi na Lugha ya Mkataba

Katika mikutano ya wahadhiri wa Kenya, hotuba huanza kwa Kiingereza cha kikatiba na kufikia kilele kwa Kiswahili. Mwito wa *haki yetu* ni wa Kiswahili. Mkataba wenyewe, ilani, amri ya mahakama na fomula ya kurejea kazini ni za Kiingereza. Kwa wahadhiri hali hii si kikwazo kikubwa. Lakini mgomo wa chuo kikuu si wa wahadhiri peke yao. Wapishi, walinzi, madereva, wahudumu wa mabweni na makarani wa maktaba wana vyama vyao na huathiriwa na mikataba ileile ya fedha. Mtu anayeulizwa kukubali malipo ya awamu anastahili kuisoma sentensi inayotaja tarehe ya awamu ya pili katika lugha anayoidai haki yake.

Mazingira ya kisheria yanaruhusu mabadiliko. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Tanzania, kwa marekebisho ya mwaka 2021, iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi iliyobaki ni ya kiistilahi, na ni ya wanataaluma wa Kiswahili wenyewe. Hata katika makala haya hati ileile inaitwa *ilani* Kenya na *notisi* Tanzania. Mkataba wa pamoja, mkataba wa maelewano na makubaliano ya pamoja hutumiwa kama visawe, wakati mbele ya mahakama vinaweza kusomwa kama vitu vitatu. Istilahi isiyotulia ni mwanya, na mwanya huo humnufaisha mwenye wakili.

9. Hitimisho

Historia ya uamuzi wa mgomo katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki inaonyesha mwendo wa haki iliyopanuliwa kwa upande mmoja na kubaki wazi kwa upande mwingine. Kenya imetoa haki ya kugoma katika katiba na kuacha namna ya kuamua mikononi mwa vyama. Uganda inautegemea mkutano mkuu, ambao nguvu yake ilionekana kuwa na mpaka mwaka 2016. Tanzania imeiandika kura katika sheria na kuizungushia masharti.

Mambo matatu yanajitokeza kwa watunga sera. Kwanza, mkataba wa mshahara usitiwe saini kabla ya chanzo cha fedha kuandikwa ndani ya bajeti ya mwaka husika, kwa kuwa posho ya Makerere ya 2013 na mkataba wa Kenya wa 2017 vilionyesha gharama ya kufanya kinyume. Pili, deni la mkataba uliokiukwa lipewe njia ya haraka ya uamuzi yenye muda maalumu na fidia ya ucheleweshaji. Bila hiyo, kuzuia mgomo katika madai ya aina hii ni kumwacha mdai bila mlango wowote. Tatu, vyama vyenyewe vijiulize kwa nini kuingia mgomoni hujadiliwa sana kuliko kutoka. Makubaliano ya kurejea kazini ndiyo yanayoamua kama siku 49 au 54 zilizopotea zilinunua kitu, na wanachama wana haki ya kuulizwa juu yake kwa uzito uleule walioulizwa siku ya kwanza.

Makuli wa Kiwanja cha Maskini walikutana kila siku ya mgomo wao. Hawakuamua mara moja kisha wakasubiri taarifa. Wanachama wa 2025 walipata tangazo la awamu mbili, na awamu ya pili iliwekwa miezi minane mbele.